Muulize Mwalimu wa Sanaa: Bundi, ndala na wachapaji wa Aktiki

Mbukwenyi wasomaji. Toleo lililopita nilieleza kidogo habari za picha za kuchapa za Wainuiti, wenyeji wa Aktiki, nchi za barafu kule Greenland, Alaska na kaskazini mwa Kanada, nikachokoza kwamba mwalimu yeyote wa sanaa huku kwetu anaweza kuzifanyia kazi darasani bila kununua vitu vya gharama. Barua zimeingia mpaka mhariri akaniuliza kama nimeanzisha dini. Basi safu nzima ya leo ni yao. Nimezifupisha, na shikamoo zote nimezipokea.

Shikamoo Mwalimu. Nafundisha sekondari ya kata, wilaya ya Kongwa. Kidato cha pili ninao wanafunzi 73 chumba kimoja. Ulisema Wainuiti wanachonga jiwe, wanalipaka wino, wanachapa. Mawe tunayo, tena ya kuvunja patasi. Mashine ya kuchapia hatuna, wino hatuna, na ukisema bajeti ya somo la sanaa mkuu anacheka. Tunaanzia wapi?
*Mwalimu wa sanaa, Kongwa*

Marahaba mwalimu mwenzangu. Mashine usiitafute, kwa sababu kwa kazi hii hata wao hawaitumii. Pale Kinngait, kijiji kilicho kisiwani karibu na ncha ya kusini ya Kisiwa cha Baffin, ambako uchapaji huu ulishika mizizi, mambo huenda hivi. Msanii anachora kwa penseli kwenye karatasi. Mchoro unahamishiwa kwenye jiwe lililosawazishwa uso. Mchongaji anaondoa kila kisichotakiwa, umbo linabaki limeinuka kama maandishi ya muhuri wa mwenyekiti wa mtaa. Wino unapakwa juu ya kilichoinuka, karatasi nyembamba inalazwa, inasuguliwa kwa mkono taratibu, inabanduliwa. Kwa nakala ya pili jiwe linapakwa upya, na ya tatu vilevile.

Angalia kitu kimoja hapo kitakachokusaidia na hao 73 wako: anayechora na anayechonga mara nyingi ni watu wawili. Msanii anapeleka mchoro, fundi wa jiwe anaamua wapi pakatwe na wapi pabaki. Kwa hiyo wagawe wawili wawili, mmoja achore, mwenzake akate na kuchapa, muhula ujao wabadilishane. Utapata ugomvi mzuri sana. "Mbona umemkata mkia mbuzi wangu?" Hayo ndiyo mazungumzo ya darasa la sanaa, waache wazozane.

Badala ya jiwe ni ndala. Namaanisha kandambili zilizokatika mikanda, zile zinazotupwa nyuma ya bweni. Kama hazitoshi, pita kwa fundi viatu uombe mabaki ya soli; wengi watakupa bure ukiwaambia ni za wanafunzi. Mtoto anakata umbo la mnyama kwa mkasi, analibandika kwa gundi ya viatu juu ya kipande cha ubao au boksi gumu lililokunjwa mara mbili. Mistari ya ndani, yaani jicho, mbavu, mikunjo ya bawa, anaikandamiza kwa ncha ya kalamu iliyokwisha wino. Msumari wa moto unafanya kazi safi zaidi, lakini huo ushike wewe, na mlango uwe wazi, maana moshi wa ndala si wa kuvuta.

Sasa wino, na hapa ndipo wengi wanakwama. Kwangua masizi chini ya sufuria za jikoni shuleni, chekecha kwa kitambaa. Pika uji mzito wa unga wa muhogo, acha upoe, changanya na masizi mpaka upate rojo jeusi linalong'aa. Kwa mji wa pwani ungeishia hapo. Huku Dodoma hewa ni kavu, wino utakuwa umekauka juu ya soli kabla mtoto hajaweka karatasi, kwa hiyo ongeza gliserini, ileile ya duka la dawa tunayopaka miguuni wakati wa kiangazi. Matone tu. Kipimo changu ni vidole: chovya kidole gumba, kigusanishe na cha shahada, viachanishe. Ukiona kiuzi kifupi kinavutika kisha kinakatika, wino uko tayari. Ukidondoka, umezidisha maji, utajaza mistari yote na fisi wako atatoka doa. Paka kwa kipande cha godoro kilichofungwa kwenye kijiti, kwa kugusagusa, usiburuze.

Karatasi ya kawaida ya kutolea nakala inafaa kuliko manila. Manila ni nene, haishuki kwenye mistari. Lalisha karatasi, shika kona moja kwa kiganja, sugua kwa mgongo wa kijiko kuanzia katikati kwenda nje. Inua kona ya pili uchungulie. Paliporuka, rudisha, sugua tena hapo hapo. Chapa ya kwanza itatoka imepauka kwa sababu soli inakunywa wino. Wazuie watoto wasikate tamaa, ya tatu ndiyo ya kutundika. Fanyeni kipindi cha asubuhi kabla upepo haujaamka. Kuanzia Agosti vumbi la Kongwa likiingia dirishani linalala lote juu ya wino mbichi.

Nimalizie na la mchoro wenyewe. Picha nyingi za Kinngait za miaka ya mwanzo hazina mbingu wala ardhi. Hakuna mstari wa upeo, hakuna nyumba pembeni, hakuna jua kwenye kona. Kuna mnyama mmoja, mkubwa, na weupe wa karatasi. Hilo peke yake ni somo la muhula mzima kwa watoto wetu waliozoea kujaza karatasi milima miwili na mnazi ambao Kongwa haupo. Lakini usiwape dubu mweupe. Hakuna mtoto wako aliyewahi kumwona dubu akijikuna. Mbuzi aliyesimama kwa miguu ya nyuma akivuta majani ya mgunga wamemwona asubuhi hiyohiyo wakija shule. Au wape kanga: mwili mzima mweusi, kichwa kidogo, halafu madoadoa kwa ncha ya msumari, tundu kwa tundu. Kwenye karatasi kila tundu linatoka jeupe. Ukimpata mtoto mmoja aliyepanga madoa yakafuata mviringo wa mwili, huyo mfuatilie mpaka kidato cha nne.

Mwalimu, mwanangu wa darasa la sita kaleta nyumbani picha ya bundi, kasema ni sanaa ya watu wa kwenye barafu. Bundi ana macho makubwa na manyoya yametawanyika pande zote kama miale. Mama mkwe wangu yupo kwetu kwa matibabu, alipoiona ukutani akasema ama itoke picha au atoke yeye. Mume wangu anasema ni picha tu. Nimekaa katikati.
*Mama wa watoto watatu, Chang'ombe, Dodoma*

Mwanangu, picha itoke sebuleni leo. Usibishane na mama mkwe juu ya bundi. Hutashinda, na ukishinda utakuwa umeshindwa. Mgonjwa aliyekaa kwako anastahili kulala bila kutazamwa na macho yale. Irudishe shule itundikwe huko, au mtoto aiweke ndani ya daftari lake.

Baada ya hapo, mtoto aelezwe alichokichora, maana kwa maelezo yako namjua huyo bundi. Aliyemchora ni Kenojuak Ashevak, mwanamke aliyezaliwa mwaka 1927 ndani ya nyumba ya theluji kwenye kambi ya wawindaji, Kisiwa cha Baffin. Alipougua kifua kikuu alipelekwa mbali kusini, hospitali ya Quebec, akakaa kuanzia 1952 hadi 1955. Aliporudi kwao ndipo akaanza kuchora. Bundi yule alimchora mwaka 1960, akachapwa kwa jiwe nakala 50, nyingine nyekundu na nyeusi, nyingine kijani na nyeusi, na mwaka 1970 Kanada wakamweka kwenye stempu ya posta. Kenojuak akaendelea kuchora ndege mpaka uzeeni, alifariki 2013.

Kwa hiyo "sanaa ya watu wa kwenye barafu" haitoshi. Ni sanaa ya mtu mmoja mwenye jina, na mwalimu wa mtoto wako kama amewapa watoto wakopi, basi chini ya picha iandikwe kwamba imenakiliwa kutoka kwa Kenojuak Ashevak. Kunakili si dhambi, sote tulijifunza hivyo, ila ni zoezi. Kazi ya mtoto itaanza siku atakapochukua ile namna ya kutawanya manyoya akaifanyia jogoo wenu.

Kuhusu bundi mwenyewe, bibi ana sababu zake na sitazicheka. Mimi pia nimekulia huku, na akilia juu ya paa najua nani atakayeamka wa kwanza. Bundi wa kule ni ndege mwingine kabisa kwa mazoea. Ni mweupe, anawinda hata mchana, kwa kuwa majira ya joto jua la Aktiki halizami, hivyo watoto wa huko wanamwona waziwazi amekaa juu ya jiwe akitafuta vipanya vyake. Wa kwetu tunamsikia tu gizani. Bibi akipata nafuu, mwambie mjukuu amuulize ni nani anayepunguza panya kwenye ghala la uwele. Amuulize tu, asimhubirie.

Mwalimu, mimi ni mwanafunzi wa kidato cha nne, Kondoa. Kila nikisoma majibu yako ni Wainuiti, Wainuiti. Hapa Kolo tuna michoro kwenye mapango ambayo Wazungu wanakuja na ndege kuiona. Kwa nini tuchukue sanaa ya jadi ya watu wengine wakati ya kwetu ipo?
*Mwanafunzi, Kondoa*

Swali lako nimelipenda, hata huo ukali wake. Nianze na neno lako "jadi". Kuchonga ni kwa zamani sana kwa Wainuiti na waliowatangulia. Kuna vinyago vidogo vya pembe na mifupa vya maelfu ya miaka. Lakini picha za kuchapa, hizo tunazozisema hapa, zilianza mwishoni mwa miaka ya 1950. Bibi yako huenda ni mkubwa kuzishinda.

Inasimuliwa hivi. Mchongaji mmoja wa Kinngait, Osuitok Ipeelee, alikuwa anatazama pakiti mbili za sigara zenye kichwa cha baharia kilekile, akasema lazima ni kazi ya kuchosha mtu kukaa na kuchora kila pakiti ikafanana na mwenzake. Aliyekuwa naye ni James Houston, msanii kutoka kusini mwa Kanada aliyekuwa akifanya kazi huko. Houston akakosa maneno ya kueleza uchapaji, akachukua jino la walarasi (mnyama wa bahari ya baridi) ambalo Osuitok alikuwa amelichora mistari, akalipaka wino, akabandika karatasi laini, akabandua. Osuitok akasema hicho wanaweza kukifanya. Mwaka 1958 Houston akasafiri mpaka Japani kujifunza kwa bwana wa kuchapa kwa mbao, Un'ichi Hiratsuka, akarudi na ujuzi na karatasi. Mkusanyiko wa kwanza wenye orodha ukatoka 1959, na ushirika wao ukasajiliwa mwaka huohuo.

Umeona basi? Wamechukua ufundi wa Kijapani, jiwe la kwao, sili (mnyama wa baharini) na ndege na hadithi za kwao, na leo dunia nzima inaita sanaa ya Wainuiti. Mimi nawaambia walimu wachukue ufundi huo waufikishe Kondoa kwa njia ileile. Sijasema mtu aache Kolo.

Tena Kolo ndiyo ingekuwa hazina yenu ya maumbo. Michoro ya miambani ya Kondoa iliingia kwenye orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO mwaka 2006, na Mary Leakey, mtafiti wa mambo ya kale, alikuja kuinakili mwaka 1951 akiwa na karatasi zake na subira yake. Watu wembamba warefu wenye vichwa vikubwa, pofu, twiga, vyote kwa rangi nyekundu. Na wao pia, tazama vizuri, hawakuchora mstari wa ardhi. Mnyama anaelea juu ya mwamba. Ukimweka sili wa Kinngait pembeni ya pofu wa Kolo, utagundua watu wasiojuana walivyoamua kwamba umbo la mnyama likikaa sawasawa halihitaji majani miguuni.

Chora ukiwa pale, kwa penseli, kwa macho. Usiguse mwamba, usiubandike karatasi, na yeyote atakayekuambia umwagie maji ili rangi iwake mfukuze. Kumbuka pia pale Mungumi wa Kolo si makumbusho tu, kuna wazee wanaopafanyia mambo yao mpaka leo. Omba ruhusa, nenda na mwongozaji.

Na kama hupendi wanyama kabisa, tafuta habari za Annie Pootoogook, naye wa Kinngait, aliyefariki 2016. Huyu alichora jikoni: saa ya ukutani, watu wamekaa chini wanatazama televisheni, mama anafungua friji. Kalamu na penseli za rangi tu. Kuna walioguna kwamba hiyo si Inuiti, wapi dubu? Mwaka 2006 akashinda tuzo ya Sobey, moja ya tuzo kubwa za sanaa Kanada. Bibi yake, Pitseolak Ashoona, alikuwa amechora maelfu ya michoro ya maisha ya mahema na safari za zamani. Mjukuu akachora nyumba aliyoishi. Wewe una jiko la mkaa, una chaja imening'inia kwenye soketi ya sola, una mdogo wako amelala juu ya mkoba wa shule. Anza hapo.

Mimi ni fundi cherehani, Majengo. Nina magunia ya mabaki ya vitenge. Je, kuna sanaa ya Wainuiti ya kitambaa ambayo naweza kuwafundisha watoto wa mtaa siku za Jumamosi?

Ipo, tena nzuri mno. Kijiji cha Qamani'tuaq, ambacho ramani nyingi zinakiandika Baker Lake, kiko bara, mbali na bahari, na wanawake wake walijulikana kwa pazia za ukutani. Mkubwa wao ni Jessie Oonark, 1906 hadi 1985. Walichukua kitambaa kizito cha sufu, wakakata maumbo ya watu, karibuu (paa wa nchi za baridi), ndege na visu vya kike vya nusu mwezi, wakayashona juu yake na kuyapamba kwa nyuzi za rangi. Mara nyingi vipande vile vilikuwa mabaki ya kushonea makoti, kwa hiyo mpo biashara moja.

Onyo langu ni moja kwako. Kitenge kina maua yake tayari, na ukikata ndege kwenye kitenge chenye maua ukamshonea juu ya kitenge kingine, hakuna atakayemwona. Tafuta kaniki au shuka la rangi moja liwe chini. Acha watoto wakate bila kuchora kwanza. Mkasi ukimzungusha ndege mwenyewe anatoka na shingo ambayo penseli isingethubutu.

Mwalimu, watoto wangu wa darasa la nne wamechora igloo, dubu mweupe na pengwini, tumepamba ukuta mzima. Nikutumie picha?
*Mwalimu, Bahi*

Tuma, ila mtoe pengwini kwanza. Anaishi upande wa kusini wa dunia, Aktiki hayupo, na dubu mweupe hajawahi kumwona. Na hizo nyumba za theluji ziongezee nyumba za mbao na pikipiki za kwenye theluji. Wainuiti wa Kanada ni kama 70,000, wana jimbo lao la Nunavut tangu Aprili 1999, wana shule, wana simu. Igloo ilikuwa makazi ya majira ya baridi na ya wawindaji safarini. Mtoto wa huko akiona ukuta wenu atajisikia vile wewe unavyojisikia ukionyeshwa picha ya Tanzania ina simba mlangoni kwa kila mtu. Jina "Eskimo" pia liondoe ubaoni, wengi wao hawalipendi.

Shikamoo Mwalimu. Sisi ni kikundi cha vijana sita, Chamwino, tumemaliza shule. Tunataka kuchonga vinyago vidogo kwa mtindo wa Wainuiti tuwauzie wageni wanaokuja mjini. Tuliona wao wanatumia mawe laini na pembe za meno. Tunapata wapi, na tukiuza tuandike nini?

Marahaba wanangu. Nitaanza na pembe ili nisije nikawasomea gazetini. Meno wanayochonga wao ni ya walarasi, yule mnyama wa bahari ya baridi, na wao humwinda kwa ajili ya chakula. Huku kwetu jino linalofanana na hilo ni la tembo, na Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya mwaka 2009 haina utani. Mtu akija na kipande akasema ni cha zamani, cha babu, msikishike hata kukitazama. Nendeni bucha mkaombe mifupa ya paja la ng'ombe. Ichemsheni na sabuni ya unga mpaka mafuta yatoke, ipeni jua la siku kadhaa, mtapata kitu cheupe kigumu kinachong'aa kwa msasa laini. Pembe za ng'ombe nazo zinafaa, ila zikipata moto zinanuka mpaka jirani aje kuuliza.

Jiwe liacheni kwanza. Wachongaji wengi wa leo wa Nunavut wanatumia serpentini, gumu kuliko jiwe la sabuni ambalo zamani walitengenezea taa za mafuta na vyungu. Wanachongea nje, wamefunika pua na mdomo, kwa sababu vumbi la mawe linaua mapafu polepole. Ninyi jifunzeni kwa sabuni ya mche. Nawaambia kwa dhati. Chukueni mche mpya ambao haujakauka, maana uliokaa dukani unapasuka. Choreni mnyama pande zote nne za mche kwa ncha ya msumari, kisha ondoeni kidogo kidogo kwa kisu cha jikoni, mkigeuza kila mara. Kosa la kila anayeanza ni kumaliza upande mmoja akiwa na jicho na pua wakati upande wa pili bado ni sabuni.

Halafu vunjeni mazoea ya miguu minne membamba. Vinyago vya kale vya Aktiki vingi ni vidogo na havina kitako cha kusimamia, kwa sababu wenyewe walihamahama na kitu kilitazamwa kikiwa kiganjani, kikigeuzwageuzwa. Fisi mchongeni amejikunja, kichwa kimelala juu ya mapaja, masikio yamegandana na shingo. Hakuna cha kukatika. Fumba macho, mpitishe kidole gumba. Mahali kinapokwaruza ndipo bado hamjamaliza. Mwisho lowesha kidole, sugua, ngozi ya sabuni inakuwa laini kabisa. Mkiweza kumtoa fisi kwenye sabuni, mfupa hautawasumbua.

La kuandika sasa. Msithubutu kuandika "Inuiti" kwenye kibandiko cha bei. Wenzetu wameteswa sana na vinyago bandia vya kiwandani, mpaka tangu 1958 kuna alama maalumu yenye picha ya igloo inayowekwa kwenye kazi halisi. Siku hizi inasimamiwa na taasisi ya Wainuiti wenyewe, Inuit Art Foundation, tangu 2017. Kijana wa Chamwino akiuza kitu kwa jina lao anamnyang'anya mtu wa Kinngait mkate, na mgeni mwenyewe akijua mtakosa soko. Andikeni "Fisi amelala. Mfupa wa ng'ombe. Chamwino, Dodoma", na jina la aliyechonga. Mgeni akiuliza mmejifunza wapi kumkunja mnyama namna hiyo, mwambieni ukweli wote, na mbaki na picha moja ya kazi ya wenyewe kwenye simu ya kumwonyesha. Bei pandisheni kidogo hapo, si vibaya.

Vinyago vya sabuni msiuze, havivumilii jasho la mkono wa mgeni. Mama zenu watavifulia.

*Barua ya msomaji wa Mpwapwa kuhusu kukausha udongo wa korongoni bila kupasuka imefika. Jibu lake ni refu, linasubiri toleo lijalo.*